Mbwa akiwa na minyoo ya moyo: kipi ufanye nyumbani, kipi umwachie daktari (mwongozo kamili, hatua kwa hatua)

Huku Tanga mbwa akianza kukohoa na kukonda ushauri unakuja hata kabla hujauomba. Jirani anasema mtwangie kitunguu saumu, shangazi anasema chemsha mwarobaini, kijana wa duka la dawa za mifugo anakutolea chupa ya ivermektini ya ng'ombe anakwambia hii inamaliza kila kitu. Wote wana nia njema kabisa. Ila minyoo ya moyo sio minyoo ya tumbo na hapo ndo mbwa wengi wanapopotea, watu wanatibu tumbo wakati ugonjwa upo kwenye mishipa ya damu. Kwahiyo nitaeleza nini ufanye mwenyewe nyumbani, maana kazi ya nyumbani ipo na ni kubwa kweli, nini umwachie daktari wa mifugo, na nini usiguse kabisa hata akikushauri nani.

Hatua ya 1: Jua kwanza mnyoo wenyewe unakaa wapi

Jina lake la kitaalamu ni Dirofilaria immitis. Unaletwa na mbu, sio chakula kibovu, sio kula panya, sio kulambana na mbwa wa jirani. Sisi watu wa pwani tumekua tunaona matende na mabusha mitaani kwetu, tunajua vizuri kwamba mbu anaweza kumwachia mtu mnyoo ukakaa mwilini miaka na miaka. Basi huu wa mbwa ni wa ukoo huohuo, na kati ya mbu wanaoubeba wamo haohao Culex wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, Ngamiani, Makorora, Mabawa, kote. Anofelesi na Aedes nao wanaubeba, kwahiyo mbwa yupo hatarini usiku na mchana.

Inakuwa hivi. Mbu anamuuma mbwa mgonjwa ananyonya damu yenye watoto wa minyoo, wanaitwa mikrofilaria. Kwenye joto kama la Tanga hao watoto wanachukua kama wiki 2 kukua ndani ya mbu, halafu mbu akimuuma mbwa mwingine wanaingia kupitia kile kitundu alipouma. Wanatembea chini ya ngozi na kwenye misuli kwa miezi miwili mitatu, wanaingia kwenye damu, wanafika kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni kwenda kwenye mapafu, na hapo ndo makao yao. Mpaka wakomae na kuanza kuzaa ni miezi 6 au 7 toka siku ya kuumwa na mbu. Mnyoo jike ni mwembamba kama tambi lakini urefu wake unafika sentimita 25 mpaka 31, na ndani ya mbwa unaweza kuishi miaka 5 mpaka 7. Sasa fikiria kumi au ishirini za namna hiyo kwenye mishipa ya mbwa mmoja wa kilo 15.

Shika hapa vizuri maana ndo msingi wa yote yanayofuata. Kitu unachomlisha mbwa kikashuka tumboni kikamharisha, hakigusi mnyoo ulioko ndani ya mshipa wa damu. Na hata ukipata kitu cha kuua minyoo yote kwa mpigo, mizoga yake haina pa kutokea. Ya tumbo inatoka na kinyesi, hii inakatika vipande, damu inavisukuma mbele kwenye vimishipa vidogo vya mapafu na kuviziba, na mbwa anaweza kufa kwa minyoo iliyokufa wakati iliyo hai alikuwa anaishi nayo. Kwahiyo matibabu ya kweli ni kuua kwa mpango, mbwa akiwa ametulia, na mtu anayejua anaangalia.

Kuhusu binadamu, mbwa wako hawezi kukuambukiza kwa kumgusa wala kwa mate. Mtu anaweza kuupata kwa mbu, hutokea kwa nadra, na kwa kawaida mnyoo unafia mapafuni bila kuzaa.

Hatua ya 2: Dalili, na magonjwa mengine yanayofanana nayo

Miezi ya mwanzo hamna dalili yoyote, mbwa anakula, anabweka, anafukuza paka. Baadae kinakuja kikohozi kikavu, hasa akitoka kukimbia. Halafu anachoka haraka, yule aliyekuwa anaifukuza bodaboda mpaka mwisho wa mtaa sasa anaishia getini analala. Anakonda. Ikifika mbali tumbo linajaa maji, anahema akiwa amelala tu, anaweza kuzimia.

Lakini kiukweli kwa mazingira yetu usikimbilie minyoo ya moyo kama jibu la kwanza. Homa za kupe ndo washukiwa wa kila siku, mbwa anakuwa na homa, fizi zinapauka, analegea, anaacha kula. Safura na minyoo mingine ya tumbo nayo inakondesha na kumaliza damu. Ukiwa upande wa Pangani au kule Saadani kwenye mbung'o kuna ugonjwa wa ndorobo unaoletwa na hao mbung'o, na huu mara nyingine inafanya jicho la mbwa liwe jeupe kama lina ukungu. Kuna mnyoo mwingine pia wa kwenye koo la chakula ambao mbwa anaupata kwa kula mende wa kinyesi, nao unaweza kumfanya akohoe na kutapika. Magonjwa yote haya tiba zake ni tofauti, ndo maana kubahatisha dawa ni kupoteza hela na mda ambao mbwa hana.

Dalili za kukimbia kwa daktari siku hiyohiyo, sio kesho: mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa, fizi zimepauka, ameanguka ghafla, anahema kwa shida, anakohoa damu. Mkojo wa kahawa kwa mbwa mwenye minyoo ya moyo mara nyingi maana yake minyoo imekuwa mingi mpaka imejazana ndani ya moyo wenyewe na inasaga chembe za damu, na hapo tiba ni kuitoa kwa upasuaji kupitia mshipa wa shingo. Hakuna mti wala kidonge cha kufanya kazi hiyo.

Hatua ya 3: Kabla hujatoka nyumbani, andaa mambo mawili

La kwanza pumzi. Subiri mbwa alale usingizi kabisa, angalia mbavu zake, kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30 halafu zidisha mara 2. Mbwa mzima akiwa amelala inakuwa chini ya 30 kwa dakika. Fanya usiku au alfajiri kukiwa na ubaridi, maana mchana wa Februari kila mbwa anahema. Andika kwenye daftari kila siku. Ukimpelekea daktari karatasi inayosema jumatatu 24, jumatano 30, ijumaa 38, umemsaidia kuliko kumwambia "anahema hema sana dokta".

La pili uzito, kwa sababu dawa zote zinapigiwa hesabu kwa kilo na sisi huwa tunakisia tu. Panda mzani peke yako, panda tena umembeba mbwa, toa. Kama ni mbwa wa ulinzi asiyekubali kubebwa mwachie daktari, usije ukamfukuzisha uani akapata shida ya pumzi kwa ajili ya kilo.

Hatua ya 4: Vipimo

Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Afisa mifugo wa kata ni msaada mkubwa, atakuelekeza na mara nyingi ndo mtu wa karibu, lakini ugonjwa huu unataka daktari mwenyewe. Kama uliyempata hana kipimo muulize maabara ipi anaweza kupeleka damu, Tanga tuna kituo cha TVLA, ile maabara ya veterinari ya serikali, na kesi ikiwa nzito SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, wana hospitali ya wanyama.

Vipimo vyenyewe ni viwili na vyote ni vya damu. Kimoja ni kipimo cha haraka cha antijeni, tone la damu kwenye kikasha kidogo, dakika chache jibu limetoka. Kinanasa kitu kinachotolewa na minyoo majike iliyokomaa, kwahiyo mbwa aliyeumwa na mbu miezi mitatu iliyopita atatoka hana, na sio kwamba kipimo kibovu. Kingine ni kuangalia damu kwenye darubini kutafuta mikrofilaria. Hapa pana mtego, kuna minyoo mingine ya damu ya mbwa yenye watoto wanaofanana sana na hawa, mmoja unakaa chini ya ngozi na mwingine unaletwa na viroboto na hauna madhara ya maana, kwahiyo kuona vijidudu vinacheza kwenye kioo peke yake haitoshi kumwanzishia mbwa tiba nzito. Omba vyote viwili. Na kama uwezo upo apigwe picha ya kifua, inaonyesha mapafu na mishipa imeharibika kiasi gani, na hiyo ndo inamwambia daktari aende kwa kasi gani.

Mwambie apime na homa za kupe hapohapo, damu imeshatoka.

Hatua ya 5: Dawa za nyumbani, moja baada ya nyingine

Nimeamua kuzipitia zote ninazozisikia mitaani kwetu maana kumwambia mtu "acha mitishamba" bila sababu ni kumdharau, na mingine ina kazi zake kweli, ila sio hii.

Kitunguu saumu. Hiki ndo namba moja. Hamna ushahidi kwamba kinaua mnyoo wa moyo, na jamii yote ya vitunguu inaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, za paka ndo kabisa. Mbwa wa minyoo ya moyo tayari anahangaika kupata hewa, wewe unampunguzia na damu ya kuibebea hiyo hewa. Punje moja iliyoangukia kwenye mchuzi haimuui, nazungumzia yule anayetwangiwa kila asubuhi wiki nzima.

Mbegu za papai zina heshima yake, zimeshafanyiwa utafiti kwa binadamu kwa minyoo ya tumbo na zikaonyesha matumaini. Soma tena, ya tumbo. Mbegu za maboga hivyohivyo.

Mwarobaini, kila uani upo, na ukichemsha majani ukamnywesha atatapika kwa uchungu na minyoo itabaki palepale. Mafuta yake yakipakwa yanafukuza mbu kidogo na kwa mda mfupi, hayo nayakubali kwa mbwa, lakini kwa paka hapana maana paka anajilamba mwili mzima.

Msubili unaharisha. Mbwa wa kukaa amepumzika unamkausha maji kwenye joto hili, na ule mharo watu wanauona wanasema "si unaona, uchafu unatoka". Hamna kinachotoka.

Tumbaku na mafuta ya taa naviweka pamoja kwa sababu vyote ni sumu, hapa sina lugha laini. Tumbaku ina nikotini, inamtetemesha mbwa, inasimamisha moyo. Mafuta ya taa tone likipita njia ya hewa wakati anapaliwa mapafu yanaungua, na haya ni mapafu ambayo yameshaharibiwa na minyoo. Tafadhali sana usimnyweshe.

Maji ya dafu, mafuta ya nazi, asali, mpe kama anapenda, kidogo. Havidhuru na havitibu.

Halafu kuna vidonge vya minyoo vya watu, albendazoli na mebendazoli. Hapa Tanga tumezoea kampeni za kingatiba, unapewa albendazoli pamoja na ivermektini baada ya kupimwa urefu kwa kijiti, na watu wanasema kama inakinga mabusha kwa nini isitibu mbwa. Albendazoli haina kazi kwenye minyoo ya moyo. Levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi, pia niisemee, nafasi kati ya dozi na sumu kwa mbwa ni nyembamba mno, anatoka mapovu anatetemeka. Ivermektini yenyewe ina hadithi ndefu kidogo.

Hatua ya 6: Ivermektini ya ng'ombe, soma taratibu

Dukani mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mjomba, mbwa wangu anakohoa, wanasema minyoo ya moyo."
"Ana kilo ngapi?"
"Kama ishirini hivi."
"Basi mchome nusu mili ya hii, na minyoo na kupe vyote kwaheri."

Haya tupige hesabu. Ile chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwenye kila mili 1. Ng'ombe anachomwa mili 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 20 ukimpa kwa hesabu hiyo ya ng'ombe anapata mili 0.4, yaani miligramu 4, sawa na mikrogramu 4,000. Sasa kinga ya minyoo ya moyo kwa mbwa ni mikrogramu 6 tu kwa kilo kwa mwezi, huyu wa kilo 20 anatakiwa apate mikrogramu 120. Umempa zaidi ya mara 30, na ukifuata ile nusu mili ya dukani ni mara 40 na kitu. Ukitaka kumpa ile sahihi kutoka kwenye hiyo chupa unahitaji mili 0.012. Chukua bomba la sindano la mili 1 uangalie vile vimistari vyake vidogo, kimoja ni 0.01, yaani dozi nzima ya mbwa ni kimstari kimoja na chenga, dawa inayobaki kwenye shingo ya sindano peke yake inaweza kuizidi. Hakuna mkono wa kupima hiyo.

Mtu atasema mbona mbwa wa fulani alichomwa hivyo akapona upele. Ni kweli, madaktari huwa wanatumia dozi kubwa kwa upele na mbwa wengi wanavumilia. Lakini wapo wenye vinasaba vinavyoruhusu dawa ipite mpaka kwenye ubongo, hasa jamii ya collie, wale mbwa wa kizungu wa kuchunga kondoo, na machotara wao, na mbwa wetu wa mtaani huwezi kujua babu yake nani, hao wanapanuka mboni, wanapepesuka, wanapofuka, wanazimia. Na pili, mbwa mwenye mikrofilaria nyingi kwenye damu ukizipiga kwa dozi kubwa zinakufa kwa wingi kwa wakati mmoja, mwili unapata mshtuko na mbwa anaweza kuanguka hapohapo. Na hata asipoanguka, minyoo mikubwa kule kwenye mishipa haifi kwa hiyo sindano moja. Yaani umebeba hatari yote bila kupata tiba. Ivermektini ni dawa nzuri ya kinga, kwa dozi yake, kwa kidonge kilichotengenezwa kwa mbwa, baada ya kipimo.

Hatua ya 7: Matibabu ya hospitali yanakwendaje

Dawa inayoua minyoo mikubwa inaitwa melasomini, ni ya jamii ya aseniki, inachomwa ndani kabisa kwenye misuli ya mgongo, na anayechoma ni daktari tu. Utaratibu uliotolewa na chama cha Marekani kinachoshughulika na ugonjwa huu, American Heartworm Society, unachukua karibu mwaka mzima mpaka mwisho.

Siku ugonjwa ukithibitika mbwa anaanza kupumzishwa, anaanza dawa ya kinga ya kila mwezi, na anaanza doksisaiklini kwa siku 28. Watu wanashangaa antibiotiki ya nini kwa mnyoo. Ndani ya minyoo hii kuna bakteria anaitwa Wolbachia, mnyoo unamtegemea, ukimuua bakteria mnyoo unadhoofika na siku ukifa hauleti uvimbe mkali mapafuni. Mpe na chakula maana inachafua tumbo. Ukimaliza hizo siku 28 kuna mwezi mwingine wa kusubiri tu, na hapo wengi wanakata tamaa wanaona daktari anawazungusha, hapana, minyoo inadhoofika na ile michanga inafikia umri ambao sindano inaweza kuipata.

Siku ya 60 sindano ya kwanza. Siku ya 90 ya pili, siku ya 91 ya tatu. Sindano moja kwanza halafu mbili baada ya mwezi, ili minyoo ife kwa mafungu. Sindano tatu zinaua kama asilimia 98, wakati utaratibu wa zamani wa mbili ulikuwa unafikia kama 90. Pamoja na hizo sindano anapewa prednisoni, dawa ya kutuliza uvimbe, inayopunguzwa taratibu kwa wiki 4. Usiongeze diklofenaki wala dawa yako yoyote ya maumivu hapo kati, tumbo litatoboka. Miezi 9 baada ya sindano ya mwisho anapimwa antijeni tena, kujua kama imeisha.

Kabla hujakubali kuanza muulize daktari mambo haya waziwazi: melasomini unaipata, na dozi zote tatu kwa pamoja? Jumla ni kiasi gani ukiweka vipimo na dawa zote? Nikiona dalili mbaya usiku nakupigia namba gani? Hilo la kupatikana sio la kupuuza, mwaka 2011 hata Marekani kwenyewe iliadimika.

Na kama haipatikani? Kuna njia ya pili ambayo daktari anaweza kuichagua, mosidektini ya kupaka ya kila mwezi pamoja na doksisaiklini. Minyoo inakufa polepole, inaweza kuchukua mwaka na zaidi, na mda wote huo mapafu yanaendelea kuumia na mbwa lazima aendelee kupumzishwa. Sio njia bora ila ni njia yenye vipimo na usimamizi, na ni mbali sana na kumpa mbwa saumu ukisubiri.

Hatua ya 8: Hapa ndo kazi yako wewe

Daktari anachoma sindano tatu, wewe una miezi mitano ya kumtuliza mbwa, na kwa maoni yangu kazi yako ndo ngumu zaidi. Kuanzia siku ya kipimo mpaka wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho, hamna kukimbia, hamna kuruka, hamna kufukuza. Moyo ukipiga kwa nguvu damu inasukuma vile vipande vya minyoo ndani zaidi, basi. Siku za 7 mpaka 10 baada ya sindano ndo za kuwa macho zaidi, na hatari inaendelea wiki kadhaa. Homa, kikohozi kipya, damu, kugoma kula, piga simu.

Mbwa wengi wa Tanga ni wa ulinzi, wanakaa nje, na watu wanafikiri kumfunga mnyororo getini ndo kumpumzisha. Sio. Getini kila bodaboda ikipita anaruka mpaka mnyororo unamkaba, kila mgeni anabweka dakika tano, hayo ni mazoezi. Mhamishe uani, upande asioona barabara, banda dogo lenye kivuli na upepo, maji yasikauke. Funika dirisha la banda kwa chandarua kilichochakaa, kinapunguza mbu. Kwenda haja atoke kwa kamba fupi kwa mwendo wa kutembea, arudi. Jike likiwa kwenye joto mtaani ongeza uangalizi kwa dume lako, anaweza kuvunja banda. Watoto waambiwe mapema kwamba mbwa anaumwa na hachezewi. Ulinzi wa nyumba tafuta mpango mwingine kwa miezi hiyo, hata taa.

Chakula mpe milo midogo mara mbili tatu, na acha kabisa ng'onda na mabaki yenye chumvi nyingi, moyo unaohangaika hautaki chumvi. Ile dawa ya mbu ya kuchoma usiiweke karibu na banda, moshi wake unakera mapafu yaliyoumia. Na lile daftari la pumzi liendelee.

Paka

Sisi watu wa pwani paka ndo anayelala ndani, kwahiyo nimtaje. Paka anaupata pia, kwa kawaida mnyoo mmoja mpaka mitatu tu, lakini mapafu yake ni madogo na mnyoo mmoja unaweza kumuua ghafla. Dalili zinafanana na pumu, anakohoa amejikunyata shingo ameinyoosha, au anatapika tapika bila sababu. Vipimo mara nyingi vinaukosa. Melasomini haitumiki kwa paka, daktari anamsaidia kupumua na kupunguza uvimbe mpaka mnyoo ufe wenyewe, miaka 2 hadi 4. Kwahiyo kwa paka kinga ndo kila kitu. Na mambo mawili yanayoua paka majumbani: panado, hata nusu kidonge, na dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethrini. Usimpake paka dawa ya mbwa hata tone.

Hatua ya 9: Kinga, na mbu wa nyumbani kwako

Mtoto wa mnyoo ndani ya mbu anaacha kukua joto likiwa chini ya nyuzi 14. Lushoto kule juu usiku wa Julai unaweza kuwasaidia kidogo, Tanga mjini haifiki huko mwaka mzima, kwahiyo kinga huku ni miezi yote 12 na sio masika peke yake. Dawa zipo za aina kadhaa, vidonge vya ivermektini au milbemisini, za kupaka shingoni za mosidektini au selamektini. Zote zinafanya kazi ya kuua watoto walioingia ndani ya mwezi uliopita, ndo maana ukiruka miezi miwili umefungua mlango. Chagua tarehe moja ya mwezi, iweke kwenye simu ipige kengele.

Kwa mbu, masika ikikaribia Machi na vuli ikikaribia Oktoba zunguka uwanja wako. Vifuu vya nazi vilivyotupwa vimekaa kifudifudi havina shida, vilivyokaa wazi ni kitalu cha mbu. Matairi toboa au tupa. Maji ya mbwa mwaga na badilisha kila siku. Pipa lifunikwe. Choo cha shimo ndo kiwanda cha Culex, funika tundu na weka wavu kwenye bomba la hewa. Makunduchi kule Unguja waliwahi kumwaga punje ndogo za polistairini, ile plastiki nyepesi inayoelea, kwenye vyoo vya shimo, zikaelea zikafunika maji, mbu wakapungua sana, ni jambo ambalo mtaa mzima unaweza kufanya ukikubaliana.

Mbwa mdogo aanze kinga akiwa na wiki 8, huyo hahitaji kipimo kwanza. Mbwa mkubwa uliyempata juzi, au aliyeruka dozi, apimwe kabla ya kumeza chochote, aanze kinga kama daktari ameridhika, halafu apimwe tena baada ya miezi 6, maana kama mbu alimuuma mwezi mmoja kabla hujamchukua, kipimo cha kwanza kilikuwa hakiwezi kuona. Baada ya hapo mara moja kwa mwaka, na siku hiyohiyo achanjwe kichaa cha mbwa.